Kuvipamba Vita

Liko swali ambalo nataka tulitazame pamoja, msomaji, wala usilidharau kwa kuwa linaanzia katika kitu kisichozidi kidole gumba. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kwa mtu mwenye akili timamu kutumia macho yake, mikono yake na saa zake za faragha katika kuvipamba vita? Sisemi juu ya vita vyenyewe, ambavyo havikubali pambo. Nasema juu ya mfano wa vita upangwao mezani, ambao askari wake ni sanamu ndogo zilizopakwa rangi.

Huko Uingereza, na katika nchi nyingine za Ulaya na Amerika, wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao jioni huketi chini ya taa na kushika sanamu ya askari yenye kimo cha milimita 28 au karibu yake. Aghalabu si askari wa historia, bali viumbe wa njozi: mazimwi wenye ngozi ya kijani, majitu, mifupa itembeayo, mashujaa waliovaa deraya. Mchezo wa namna hii ulio mashuhuri, Warhammer, ulitolewa mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop, ambayo makao yake yako Nottingham. Ndugu yake, Warhammer 40,000, ambao vita vyake hupiganwa kati ya nyota, ulifuata mwaka 1987. Sanamu hutoka kiwandani zikiwa vipande vya plastiki ya kijivu. Mnunuzi hukata, huunganisha kwa gundi na hupaka rangi. Kisha humjengea askari wake nchi ya kupigania, yenye vilima, misitu, madaraja na magofu. Vita huamuliwa kwa dadu na kwa utepe wa kupimia. Lakini wako ambao kwa saa moja ya kucheza wametumia saa nyingi za kupaka rangi, na wako wasiocheza kabisa.

Watu wawili hulipinga jambo hili. Wa kwanza husema kwamba ni upuuzi, maana halileti chakula nyumbani. Hoja yake sitaijibu kwa urefu. Mtu adariziye kofia kwa miezi, tundu baada ya tundu, hatumwulizi kwa nini asingejifunga kitambaa kichwani. Wa pili ndiye mwenye hoja nzito. Yeye husema kwamba kukipamba kitu ni kukisifu, na kwamba kijana aonaye deraya iking'aa juu ya meza atadhani kifo nacho kina mng'ao. Huyu anastahili jibu, na jibu lake si fupi.

Michezo hii haikuzaliwa katika vyumba vya watoto. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya vita yenye vigae vilivyoweza kupangwa upya kila mara, vikiwa na sura ya mito, misitu na barabara. Mwanawe aliuendeleza mchezo, na mwaka 1824 ulimpendeza mkuu wa majeshi, von Müffling, hata akaona kwamba unafaa kuwafunza maofisa. Katika mchezo ule askari hawakuwa na nyuso. Kikosi kizima kilikuwa kipande kidogo chekundu au cha buluu kilichosogezwa juu ya ramani, na hesabu ya waliokufa ilipatikana kwa dadu na jedwali. Ofisa alijizoeza kuwahesabu watu kwa mamia. Sisemi kwamba alikuwa mkatili kwa hilo. Kazi yake ilimtaka aone mbali, na atazamaye mbali haoni nyuso.

Miaka karibu 90 baadaye, mwaka 1913, mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars. Humo aliweka kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mzinga mdogo wa springi. Alikuwa mtu aliyechukia majivuno ya majemadari, na alitoa hoja ya ajabu: apendaye vita na avipigane sakafuni, mahali ambapo hapana mjane wala yatima, na akivicheza mara chache atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo kazi ya kuboronga. Hoja hii ilikuwa nzuri. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja, na Wells huyo huyo akashika kalamu kuviunga mkono, akiviita vita vitakavyokomesha vita. Basi askari wa sakafuni hawakumkinga hata aliyewaandikia kanuni. Nalitaja hili mapema, msomaji, usije ukadhani nataka kukuaminisha kwamba mchezo humfanya mtu kuwa mwema. Ninalotaka kusema ni dogo kuliko hilo, nalo limo katika ncha ya brashi.

Tazama jinsi sanamu inavyopakwa. Kwanza hupewa rangi ya msingi, nyeusi au nyeupe au kijivu, ili rangi nyingine zishike. Kisha hupakwa rangi zilizochanganywa na maji, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kwa kuwa rangi nzito huziba mikunjo ya nguo na kuifanya sura kuwa kama uji. Baada ya hapo humwagiwa rangi nyepesi kama maji ya chai, ikajikusanya penye mabonde na kuwa kivuli. Brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu juu, ikagusa matuta tu, na hiyo huwa nuru. Macho ni kazi ya pumzi iliyozuiwa: doa jeupe, kisha doa jeusi ndani yake, na unywele mmoja ukienda kombo askari huwa na makengeza. Fundi hupangusa na kuanza tena. Anaweza kuumaliza usiku mzima akiwa na uso mmoja tu, huku jeshi lake lina nyuso 60.

Hapo ndipo naona jambo ambalo meza ya Prussia haikuwa nalo. Mtu hawezi kukitazama kitu kwa saa sita na bado akakiona kuwa tarakimu. Hata zimwi hupata faida ya utazamaji huo. Mazimwi wa michezo hii wana ukoo na wale wa vitabu vya J. R. R. Tolkien, ambaye mwenyewe alikuwa ofisa katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Zimwi, kwa desturi ya hadithi, ni adui aliyerahisishwa. Hana mama, hana shamba, hana sababu. Huuawa kwa maelfu na msomaji hageuzi hata shingo. Mimi naiogopa desturi hii kuliko naviogopa panga vya plastiki, kwa maana historia imejaa watu waliokwisha kuitwa mazimwi kabla ya kuchinjwa. Lakini fundi hawezi kumpaka zimwi bila kumpa macho. Lazima aamue kama zimwi huyu ni kijana au mzee, kama kovu lake ni la zamani, kama ngao yake ameitunza au ameitelekeza. Akimaliza, ana mtu mkononi, apende asipende.

Kisha kuna kazi ya kugeuza, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kiwanda hutoa sanamu moja kwa maelfu, zote zimeinua upanga kwa namna ile ile na kufumbua kinywa kwa ukelele ule ule. Fundi asiyeridhika huchukua kisu chembamba akaukata mkono. Hutoboa tundu kwa keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole, hupenyeza waya, na kuuweka mkono kwa mwelekeo mwingine. Pengo hulijaza kwa udongo wa namna mbili, mmoja wa manjano na mmoja wa buluu, ambao ukikandwa pamoja huwa wa kijani na baada ya saa chache hukauka ukawa mgumu. Sasa mkono ule unaweza kushika nini? Unaweza kushika kichwa cha adui kilichokatwa, na wapo wengi wafanyao hivyo. Unaweza pia kushika taa, au bega la mwenzake aliyejeruhiwa, au kuegemea mkuki kama mtu aliyechoka. Plastiki haimlazimishi fundi kwa lolote. Watoto wetu wanaotengeneza magari kwa waya na vifuniko vya chupa wanalijua hili kwa vidole vyao: kitu ulichokikuta si lazima kibaki kama ulivyokikuta. Ila kijana wa gari la waya haulizwi kwa nini amechagua lori badala ya basi, hali aliyechagua kichwa kilichokatwa anaweza kuulizwa.

Lakini twende kwenye magofu, maana hapo nimekaa na fikira zangu muda mrefu.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba gofu ni jepesi kulijenga kuliko nyumba. Si hivyo. Ukilichukua povu gumu lile ambalo redio na televisheni hufungiwa, ukalikata ovyo na kulimega kingo, ukalipaka kijivu, hutapata gofu. Utapata povu lililomegwa. Ili gofu liaminike, lazima kwanza uijue nyumba ilivyokuwa nzima. Boriti ya dari ilishika ukuta upande gani? Ngazi ilianzia wapi, nayo ilipoanguka ilikwama juu ya nini? Mlango ulifungukia ndani au nje? Matofali yaliyotoka ukutani lazima yawe chini, tena yawe mengi kama pengo lilivyo, kwa kuwa nyumba ikianguka haipotei. Masizi hupanda juu ya dirisha, hayashuki. Mafundi hodari hutumia vijiti vya kukorogea kahawa kuwa mbao za sakafu, mchanga na gundi nyeupe kuwa kifusi, gamba la mti kuwa mwamba, mizizi mikavu kuwa miti isiyo na majani. Na aliye hodari kuliko hao huacha kitanda nusu kikining'inia ghorofani, au chungu juu ya jiko lisilo na ukuta.

Fikiri basi ni kazi gani aliyoifanya mtu huyu. Amejenga nyumba akilini, chumba kwa chumba, akawaweka watu wake ndani, akawapa kitanda na chungu, kisha akaibomoa kwa uangalifu. Ofisa wa Prussia alipokisogeza kipande chake juu ya kijiji kilichochorwa hakulazimika kujua chungu kilikuwa wapi. Sitasema kwamba mjenzi wa magofu hulia anapojenga. Yamkini hupiga mluzi. Hata hivyo amelazimika kujua, na hoja ya yule mpinzani wetu wa pili haikulihesabu jambo hilo. Yeye alidhani pambo ni kung'arisha tu. Kumbe kupamba kwa uaminifu ni kuchunguza, na mtu akivichunguza vita kwa karibu kiasi hicho hukuta humo vitu vingi visivyong'aa.

Hata hivyo mpinzani huyo hajashindwa, wala sitaki umdhanie kuwa ameshindwa. Iko rangi inayouzwa kwa kazi ya damu tu, nyekundu yenye unyevu wa kudumu, na hunyunyizwa kwa ustadi ili ifuate mwendo wa upanga. Kutu, tope na damu vimekuwa sehemu ya umahiri, navyo hupendeza macho ya watazamaji kama nakshi ya mlango. Katika mashindano ya kupaka rangi yaitwayo Golden Demon, yaliyoanzishwa mwaka 1987, sanamu hushindanishwa kwa uzuri, na jeraha lililopakwa vizuri ni uzuri pia. Hapo mimi husita. Jicho lililozoea kuusifu ustadi wa jeraha limejifunza kitu, na sina hakika kwamba ni kitu chema. Wachezaji nao hujibu kwamba ndio watu wanaowatunza wafu wao kuliko jeshi lolote, na ni kweli: askari akianguka hulazwa ubavu, na vita vikiisha huinuliwa kwa vidole viwili na kutiwa katika tundu lake la sponji ndani ya sanduku, asije akachubuka rangi. Ni jibu la mzaha, lakini nimelipenda.

Kasoro ninayoiona kubwa ni nyingine, nayo haimo katika kilichopakwa bali katika kisichokuwapo. Juu ya meza za njozi karibu kila mtu ana silaha. Gofu lipo, chungu kipo, mwenye chungu hayupo. Wala hayupo aliyebeba chakula cha jeshi. Sisi wa Kenya tuna sababu ya kuliona pengo hilo. Vile vita vilivyoanza mwaka mmoja baada ya kitabu cha Wells vilifika mpaka kwetu, na kati ya mwaka 1914 na 1918 maelfu kwa maelfu ya wapagazi walifia njiani kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa, wamebeba mizigo ya jeshi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi una jina lao, ingawa wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Aliyezichonga sanamu tatu za shaba zilizosimama kwenye Barabara ya Kenyatta tangu mwaka 1928 hakuwasahau, maana mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Mafundi wa mezani, ambao wana subira ya kupaka mboni ya jicho la zimwi, aghalabu wamewasahau.

Wala si kazi ngumu. Mtu achukue askari wa kawaida wa milimita 28 na kumkata mkono wenye silaha. Amkunje mgongo kidogo kwa kuukata kiunoni na kutia waya, amwondoe viatu kwa kisu na kumfinyangia nyayo upya, ainue mikono yote miwili, kisha afinyange mzigo juu ya kichwa. Mzigo ndio utakaomchelewesha, kwa sababu kabla ya kuufinyanga itambidi ajue ndani yake mna nini, una uzito gani, na umebebwa kutoka wapi.