AFADHALI KULIKO NINI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya sala ya Alasiri alinijia barazani kijana wa miaka 19, niliyemsomesha chuoni tangu alif. Alitoa mfukoni vitu vitatu akavipanga juu ya mkeka kama mchuuzi apangavyo bidhaa zake. Zilikuwa ni sigara za umeme, ambazo vijana wetu huziita vepu. Akaniuliza: "Maalim, katika hizi, ipi ni afadhali kwa matumizi ya kila siku?"

Sikumjibu papo hapo. Suala la namna hii niliwahi kulijibu kwa haraka, na haraka yangu ilimdhuru mtu. Nitakuhadithia habari hiyo, lakini kwanza tukijue kitu chenyewe, kwani asiyekijua kitu hawezi kukihukumu kwa haki.

Sigara ya umeme haichomi tumbaku. Ndani yake mna betri, waya mdogo uliozungushwa, na pamba iliyoloweshwa maji maalumu. Mtu avutapo, betri huupasha waya moto na maji yale yakageuka mvuke. Maji hayo ni mchanganyiko wa gliserini, propilini glaikoli, ladha za matunda au peremende na, mara nyingi, nikotini, nayo ndiyo ile ile inayomfunga mvuta sigara. Aliyekitengeneza kifaa hiki kwa sura tuijuayo leo ni Hon Lik, mfamasia wa Kichina, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu.

Ama zile tatu zilizowekwa mbele yangu, ya kwanza ilikuwa ya kutupa: huvutwa mpaka ikaisha, kisha ikatupwa pamoja na betri yake. Uingereza imepiga marufuku kuuzwa kwa aina hiyo tangu tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya taka zake na kwa kuwa ilikuwa ikipendwa mno na watoto. Ya pili hutiwa kichupa kilichojazwa tayari, na mara nyingi nikotini yake ni ya chumvi, isiyokwaruza koo, hata mtu akavuta nyingi asihisi. Ya tatu ina tangi la kujazwa kwa mkono. Hiyo ni nzito na yataka uangalizi, lakini mwenyewe huchagua kipimo cha nikotini na huweza kukipunguza kidogo kidogo. Katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria haikubali kipimo kizidi miligramu 20 katika mililita moja. Kwingineko huuzwa za miligramu 50.

Basi kwa mizani ya dukani, ya tatu ndiyo iliyoshinda. Lakini kijana hakuja dukani. Alikuja kwa mwalimu wake.

Sasa nikurudishe nyuma. Miaka michache iliyopita, katika darsa baina ya Magharibi na Isha, niliulizwa kuhusu vifaa hivi. Nikasema kwa sauti ya juu kuwa vepu na sigara ni mamoja, hapana tofauti hata ya unywele. Sikuwa nimesoma wala sikuwa nimewauliza matabibu. Nilikuwa nimechukia tu. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwako fundi cherehani mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akivuta pakiti nzima kwa siku kwa miaka thelathini. Naye alikuwa ameziacha sigara kwa muda wa miezi minne, kwa kutumia kifaa cha tangi alicholetewa na mwanawe aliye ng'ambo. Mimi sikuwa na habari hiyo. Alilisikia neno langu akaliamini, akakitupa kifaa chake, na haikupita wiki mbili ila amerudi kwenye pakiti. Baadaye aliniambia, wala hakunilaumu: "Maalim, ulisema ni mamoja. Nikaona kama ni mamoja, basi bora ile niliyoizoea."

Maneno yale hayajanitoka moyoni mpaka leo. Nilidhani nakataza mabaya, kumbe nimesema lisilo kweli. Na kukataza mabaya, ndugu yangu, hakuhalalishi uongo. Sigara ichomwapo hutoa lami na gesi ya kaboni monoksaidi, na moshi huo ndio unaoua zaidi kuliko nikotini yenyewe. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara ya mvuke ni pungufu kwa kiasi cha asilimia 95. Wapo matabibu walioipinga hesabu hiyo, lakini kwamba moshi ni mbaya zaidi, hilo halina ubishi mkubwa. Ilinipasa nilijue kabla ya kufungua kinywa.

Hapa huenda msomaji akasema: kumbe Maalim amehalalisha! La, ngoja tufike mwisho.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa mtu akibanwa na madhara mawili, na hana budi na mojawapo, achague lililo jepesi. Kanuni hii ni rehema kubwa. Lakini itazame vizuri: ni ya aliyebanwa. Aliyesimama penye salama hana madhara mawili ya kuchagua. Analo moja tu, analolifuata kwa miguu yake. Neno "afadhali" haliishi peke yake, daima lina "kuliko" nyuma yake. Kwa fundi, vepu ni afadhali kuliko pakiti nzima ya sigara. Kwa asiyepata kuvuta kitu, ni afadhali kuliko nini? Kuliko hewa safi aliyoumbiwa na Mola wake?

Kitu ni kile kile, na hukumu ni mbili. Mmoja anashuka kwa ngazi hiyo na mwenziwe anaipanda.

Na hata anayeshuka asijisahau. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 886. Waliopewa sigara za umeme, asilimia 18 walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka mmoja. Waliopewa dawa nyengine za nikotini, asilimia 9.9. Hiyo ni faida, hatuikatai. Lakini katika wale walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta vepu. Wametoka katika kifungo kizito wakaingia katika chepesi. Ngazi hushukwa ikaachwa, haifanywi kitanda.

Khitilafu ya wanavyuoni si jambo jipya. Tumbaku ilipoingia nchi za Kiislamu, Ibrahim al-Laqani wa Misri aliipinga, na Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kuihalalisha. Wote walikuwa wajuzi, lakini hakuna kati yao aliyeyaona ayaonayo daktari wa leo. Kwa vepu, baraza la fatwa la Malaysia lilitoa hukumu ya uharamu mwaka 2015. Nami naona kuwa asiyevuta haimfalii kuianza, kwani ni kuidhuru nafsi na kuteketeza mali bila ya haja. Ama mvutaji aliyeshindwa na njia nyengine, aitumie kama dawa: kwa ushauri wa tabibu, kwa kipimo kinachopungua, na kwa nia ya kuiacha. Wala asidhani mvuke hauharibu saumu. Avutaye kwa kusudi mchana wa Ramadhani amefungua. Na wazazi wayaweke maji yale mbali na watoto, kwani nikotini ikinywewa ni sumu.

Nikamgeukia kijana wangu: "Mwanangu, ulikuwa ukivuta sigara?"

Akasema: "La, Maalim. Hata siku moja."

"Basi umeniuliza ipi ni afadhali kwa kila siku. Kila siku yako ina sala tano, ina wazee wako, ina kazi yako. Kitu ambacho mkono utakitafuta kabla hujatawadha alfajiri, hicho kimekwisha kuwa bwana wako. Ukitaka kujua kama wewe ndiwe unayekitumia, kaa siku tatu bila yake."

Alinyamaza, akavikusanya vitu vyake, akaaga kwa adabu. Hakuniahidi kitu, nami sikumlazimisha. Ama fundi nilimwendea dukani kwake, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, kwani kosa nililifanya mbele ya watu. Ameanza tena na tangi, na kipimo chake kinashuka.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu, na awaongoze vijana wetu. Wallahu aalam.