Kifo cha Alyosha

Mei 1878, mjini St. Petersburg, Alyosha Dostoevsky alishikwa na kifafa akafa. Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi tisa. Baba yake, Fyodor, alikuwa akiugua maradhi hayohayo kwa miaka mingi, na kilichomtafuna zaidi, kama mkewe Anna alivyosimulia baadaye katika kumbukumbu zake, ni kwamba mtoto aliondoka kwa ugonjwa aliourithi kwake.

Anna alipoona mumewe anazidi kudhoofika kwa huzuni, alimwomba kijana mwanafalsafa, Vladimir Solovyov, aongozane naye hadi monasteri ya Optina. Huko Dostoevsky alionana na Ambrose, mtawa mzee aliyeendewa na matajiri kwa maskini, akarudi nyumbani na maneno ya kumfariji mama wa mtoto. Mwaka uliofuata riwaya yake ya mwisho, Ndugu Karamazov, ikaanza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Russky Vestnik.

Ni rahisi kusema hapa kwamba taabu ndiyo iliyomfanya mwandishi. Siamini hivyo. Desemba 1849 Dostoevsky alipelekwa uwanjani kupigwa risasi, akasamehewa dakika za mwisho, kisha akatumikia miaka minne ya kazi ngumu na pingu miguuni kule Omsk, Siberia. Wenzake walisimama naye uwanjani siku ileile, na gereza la Omsk lilijaa watu waliofungwa pingu zilezile. Wengi wao walikufa bila kuandika ukurasa mmoja. Mateso tunayo sote. Kinachomtofautisha mwandishi ni kule anakoyapeleka.

Tazama alivyoyagawa yake. Mwanzoni mwa riwaya, wanawake wamekusanyika wakimsubiri mtawa Zosima. Mmoja ametoka mbali. Ni mke wa dereva wa gari la farasi, na amefiwa na mwanawe wa mwisho. Mtoto alibakiza miezi mitatu kutimiza miaka mitatu. Jina lake Alexei, ambalo kwa kudekeza ndilo Alyosha. Mama huyu hutandaza nguo na viatu vya marehemu, akavitazama, akalia. Hatamani makubwa: laiti angesikia mara moja tu vile vinyayo vikipita chumbani. Zosima hamkatazi kulia. Huzuni ya mwandishi maarufu wa mji mkuu imewekwa, hadi hesabu ya miezi, kinywani mwa mwanamke maskini ambaye riwaya haitamrudia tena.

Jina la mtoto akampa shujaa wa kitabu, Alyosha Karamazov, aliye mwema kuliko wote. Ugonjwa, ule ulioua, akampa Smerdyakov, mtumishi anayemuua mzee Karamazov na kujisingizia kifafa ili asishukiwe. Na yule mzee mlevi, mzinzi, aliyewasahau wanawe wangali wadogo, anaitwa Fyodor. Nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma upesi. Mtu anayetafuta kuhurumiwa angejichora baba mwema anayelia kaburini. Huyu alilitia jina lake palipo na aibu, akauacha msiba kwa mtu mwingine.

Freud, mchunguzi wa nafsi, katika makala yake ya 1928 kuhusu Dostoevsky, aliyatazama mambo haya akaona chuki iliyofichika ya mwana dhidi ya baba, na kifafa chenyewe akakihesabu kuwa zao la vurugu za nafsi. Katika uchunguzi wake wote kaburi la mtoto halina nafasi. Hiyo ndiyo hatari ya kusoma riwaya kama faili la mgonjwa: tunapata ufunguo wa mwandishi, tunampoteza aliyekufa. Nasi wasomaji wa Kiswahili tumefanya hivyo kwa Euphrase Kezilahabi, tukimsaka ndani ya Kazimoto, msomi wa chuo kikuu katika riwaya yake Kichwamaji ya 1974. Lakini Kazimoto anajiua, na Kezilahabi aliishi hadi 2020. Alimkabidhi mhusika wake swali la kama maisha yana maana, akamwacha alifuate hadi mwisho ambao yeye mwenyewe hakuufuata.

Lililo zito zaidi katika Ndugu Karamazov ni alichopewa Ivan, kaka yake Alyosha Karamazov. Dostoevsky alikuwa muumini, lakini hoja kali kuliko zote dhidi ya mpango wa Mungu alimpa kijana huyu mwenye shaka: hakuna utukufu wa kesho, hata uwe mkubwa vipi, unaoweza kuhalalisha mateso ya mtoto mmoja leo. Hakuna mhusika anayeivunja hoja hiyo kwa hoja. Msiba una sauti nyingi, ya kulia, ya kulaani, ya kujilaumu, na mtu mmoja hawezi kuzitoa zote kwa kinywa chake bila kuonekana mnafiki au mwendawazimu. Riwaya ilimpa vinywa.

Ukiipokea hoja ya Ivan, basi hata kitabu chenyewe hakilipi. Kurasa zote zile hazifikii uzito wa kiatu kimoja cha mtoto. Ndiyo maana hunikera kusikia watu wakishukuru kwamba mwandishi fulani aliteseka, eti tusingepata kazi zake. Kifo cha Alyosha hakikuwa na maana mwaka 1878, wala riwaya haikukipa. Ilichofanya ni kukataa kipite kimya.

Na lipo la Anna. Ndiye aliyezaa, ndiye aliyefiwa. Maneno ya faraja kutoka Optina yaliletwa kwake, na ameandika kwamba katika sura ile ya wanawake mumewe alitia mashaka, mawazo na hata maneno yake yeye Anna. Anna alikuwa pia mwandishi wake wa hatimkato tangu 1866. Dostoevsky alimtabarukia kitabu, akafariki mapema 1881, miezi michache baada ya sehemu ya mwisho kuchapishwa. Tabaruku hiyo naiona kuwa malipo ya nusu ya deni. Utakapoifikia sura ya mke wa yule dereva, usimtaje Dostoevsky peke yake. Mtaje na Anna Grigorievna.