Hapa Pasijengwe

Kuna neno moja fupi ambalo mwenye nyumba humwambia asiye na nyumba, nalo ni hili: hapa pasijengwe. Neno hili husemwa kwa sauti nyingi. Mmoja hulisema kwa ajili ya msitu, wa pili kwa ajili ya chemchemi, wa tatu kwa ajili ya malisho, na wa nne, ambaye aghalabu husimama nyuma ya hao watatu, hulisema kwa ajili ya nafsi yake. Madhali wote wanne hutumia maneno yale yale, si kazi nyepesi kumpambanua mlinzi na bahili. Mtu ana haki gani ya kumkataza mwenzake kujenga makao juu ya ardhi iliyo wazi, na haki hiyo, kama ipo, humdai nini yeye mwenyewe?

Waingereza wamelipa swali hili vazi la sheria. Mwaka 1938 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuhifadhi ukanda wa mashamba na misitu kuizunguka London, na mwaka 1955 waziri wao, Duncan Sandys, akazitaka halmashauri nyingine zitenge ukanda kama huo, ili miji mikubwa isitanuke bila kikomo na miji jirani isije ikashikana. Tangu hapo, kila nyumba mpya zinapopendekezwa ndani ya ukanda, wenyeji hukusanyika kupinga. Mengi wayasemayo ni kweli: shamba likiisha kujengwa halirudi kuwa shamba. Walakini wapingao karibu wote wana nyumba, na thamani ya nyumba zao hulindwa na uhaba wa nyumba nyingine. Anayekosa ni kijana apangaye chumba mjini. Huyo hakuitwa mkutanoni, kwa sababu bado hajawa jirani, naye hatakuwa jirani mpaka ajengewe, na hatajengewa mpaka majirani waridhie. Mzunguko huu haumtoi mtu damu, lakini ni dhuluma ndogo iliyovaa kanzu safi.

Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, neno hilo hilo limesemwa mahali pagumu zaidi, maana aliyeambiwa alikuwa mkimbizi aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni. Kabla ya kumsikiliza mwenyeji, yafaa kuitazama ardhi yenyewe, kwa kuwa haina umri ambao watu huidhania. Waha tangu zamani walipenda kukaa kwa kutawanyika, kila mji katikati ya migomba na mashamba yake, mbali kidogo na mji wa jirani. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni, kwa hoja ya kupambana na malale, iliwakusanya watu wa maeneo yenye ndorobo katika makazi makubwa. Hoja ilikuwa na kweli ndani yake, maana malale yaliua. Lakini watu waliondoka kwa amri, na nchi waliyoiacha ikarudi kuwa pori. Miti ikamea juu ya majivu ya mafiga. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na safari hii serikali yao wenyewe ikawahamisha kwenye vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Basi katika maisha ya mtu mmoja, mzee wa Kibondo aliweza kuambiwa mara mbili kwamba mahali pake pasijengwe, na kwamba mahali asipopataka ndipo pajengwe.

Jambo hili si dogo. Mtu anapoutazama msitu wa miombo na kusema kuwa ni wa asili, haujaguswa tangu dunia kuumbwa, huenda anatazama mji wa babu yake mtu mwingine. Hii haina maana kuwa msitu haustahili kulindwa. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, nalo lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingia humo. Maji yake huanza katika miinuko hii hii. Maana yake ni kwamba dai la msitu lisimame juu ya manufaa yake ya leo na kesho, lisisimame juu ya hadithi ya kuwa hapakuwa na mtu.

Sasa na asikilizwe mwenyeji. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, Rais wa Burundi, na makundi makubwa ya watu yakakimbilia Tanzania. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikawaleta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 msukosuko wa Burundi ukarudi, Nyarugusu ikapita watu 150,000, yaani mji mkubwa uliotua porini pasipo kuitwa mji. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena, kisha Mtendeli ya Kakonko mwaka 2016. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kipande cha ardhi ya kijiji hakigawiwi pasipo ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kambi, lakini, haipigiwi kura na kijiji. Huamuliwa na serikali kuu, na mwanakijiji huletewa jirani kama mtu aletewavyo mvua.

Malalamiko yake yalikuwa ya kushikika kwa mkono. Maelfu ya jiko yalitaka kuni kila siku. Kuni zilizokuwa zikiokotwa nyuma ya nyumba zikawa za mwendo wa saa kadhaa. Nguzo, fito na nyasi za kuezekea zilikwisha karibu. Mfuga nyuki, ambaye mzinga wake juu ya mti ni akiba yake ya ada na dawa, alikuta mti umelala. Kijito kilichanywewa na watu wengi kuliko kilivyozoea. Mtu asemaye kuwa haya ni chuki tu hajawahi kutegemea msitu kwa chakula cha jioni. Lakini ni haki pia kusema kwamba si kila lalamiko lilihusu mti. Mwenyeji yule yule aliuza ndizi zake kambini, alinunua mahindi ya mgawo kwa bei nafuu, alipata vibarua wa kulima kwa ujira mdogo, na mkewe alijifungulia katika hospitali ya kambi. Alipohesabu hasara aliyasahau haya, kama binadamu yeyote ahesabuvyo. Na pengine neno la msitu lilikuwa ganda tu, na kiini chake ni kwamba wale ni Warundi. Hapo yule mtu wa nne hutoka nyuma ya wenzake akaonekana uso.

Kuonekana kwake ni ajabu, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu hata wasemaji wake husikilizana, na mpaka uliowekwa na wakoloni ulipita katikati ya watu waliokuwa wakioana. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka kambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa miaka mingi, wenye mashamba, na wengine wenye wake au waume Watanzania. Kwa watu hao neno la pasijengwe lilikuja baada ya nyumba kwisha kujengwa na migomba kuzaa.

Njia ya kati iliyopatikana baina ya mwenyeji na mgeni ndiyo kambi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii kumsuta mgeni mvivu, wakasahau kuwa ndani yake mna wajibu wa mwenyeji pia: jembe halilimi hewani, na ampaye mgeni jembe humwonyesha na mahali pa kulitia. Kambi hugeuza methali hii. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi hutakiwa kukaa katika eneo lililotengwa, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini pasipo kibali. Siku ya tatu ikapita, ikapita miaka 20, na jembe halikutolewa. Mwaka 2017 mgawo wa chakula ulipopunguzwa, mtu aliyekatazwa kulima alibakiwa na nini, ila kukata mti akauza kuni au kuchoma mkaa? Basi msitu uliotajwa kuwa sababu ya kumnyima mgeni makao uliumia kwa sababu mgeni alinyimwa makao. Asiyejua kama atalala hapa mwakani hana sababu kubwa ya kupanda mwembe.

Kwamba njia nyingine iliwezekana si ndoto. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika pori la Tabora na Rukwa ya wakati ule, na kila familia ikagawiwa shamba. Huko nako miti ilikatwa. Lakini watu wale walijilisha na kulipa kodi, wakauza mazao, na hatimaye zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wakapewa uraia. Mwenye kupima hasara ya msitu na apime mizani yote miwili.

Halafu gurudumu likamgeukia mwenyeji mwenyewe. Mwaka 1967 mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu wapatao 470,000; sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.4. Wana wa Kasulu waliokosa ardhi kwa baba zao waliingia katika hifadhi ya msitu wa Makere Kusini, wakalima na kujenga upande wa Kagera Nkanda. Ofisa wa misitu akaja na neno lile lile: hapa pasijengwe. Mtu aliyelisema kwa mkimbizi alilisikia sasa kwa masikio yake, na hoja zake za zamani juu ya kuni na vijito zikarudishwa kwake neno kwa neno. Alijibu kama mkimbizi alivyojibu: niende wapi? Mwaka 2017 Rais John Magufuli, alipokuwa ziarani Kigoma, aliagiza sehemu ya hifadhi hiyo wapewe wananchi. Wengine walishangilia huruma, wengine walisikitikia msitu, na pande zote mbili zilikuwa na haki ya kufanya hivyo. La kukumbukwa ni kwamba swali la mwananchi lilipata jibu kutoka kinywani mwa mtu mwenye uwezo wa kujibu. Mkimbizi wa Nyarugusu, jirani yake kwa safari fupi, aliuliza swali hilo hilo tangu mwaka 1996.

Yuko atakayesema kuwa hoja hii inawafunga mikono walinzi wote. Atauliza: je, Wangari Maathai alipozuia msitu wa Karura, Nairobi, usigawiwe kwa ujenzi, alipaswa kwanza kuwatafutia wale matajiri viwanja vingine? Hakupaswa. Mwezi Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa na walinzi wakiwa wamekwenda kupanda miti pale, naye akaumizwa kichwa; lakini waliokatazwa kujenga Karura hawakuwa watu wasio na pa kulala. Walikuwa watu waliokwisha kulala pazuri, wakataka kugeuza mali ya wote kuwa fedha ya wachache. Kukataza huko kulimnyima mtu faida, hakukumnyima makao. Mlinzi wa Karura na mpingaji wa nyumba za maskini katika kijiji cha Kiingereza huimba wimbo mmoja, lakini hawasimami mahali pamoja.

Basi tofauti ya mlinzi na bahili haimo katika upendo wa miti, kwa kuwa hata bahili huweza kuipenda miti kwa dhati. Imo katika jibu la pili. Amwambiaye mwenzake asiye na pa kulala kuwa hapa pasijengwe amejitwika deni la kumjibu ni wapi basi pajengwe, na kulipa sehemu yake ya gharama ya huko. Deni hilo si sawa kwa wote. Hupimwa kwa uwezo na kwa raha aliyo nayo mkataaji. Mwanakijiji wa Makere ambaye kuni zake zimekwisha, na ambaye hakuulizwa chochote kambi ilipokuja, ana deni dogo sana, na pengine yeye ndiye adaiye. Serikali ina deni kubwa kuliko yeye. Mataifa yenye nguvu, yaliyotoa mahema na unga kisha yakafunga milango yao, na halafu yakaupunguza unga, yanadaiwa zaidi. Nayo ndiyo yaliyosikika yakilaumu ukataji wa miti ya Kigoma. Ni rahisi kuuhurumia msitu wa mtu mwingine kwa gharama ya mgeni wa mtu mwingine.

Wako pia wale ambao hawajazaliwa, na mara nyingi huitwa mashahidi upande wa msitu. Wanastahili kuitwa. Lakini watakaozaliwa watahitaji kivuli na maji, na watahitaji nyumba vilevile; wengine wao watazaliwa kambini, kama wengi walivyokwisha kuzaliwa Nyarugusu, wakakua na kuoa humo. Anayewataja watoto wa kesho kwa ajili ya mti akawasahau kwa ajili ya paa amechagua watoto wa kuwataja.

Kambi ya Mtabila, katika wilaya ya Kasulu, ilifungwa mwezi Desemba 2012, na Warundi waliokuwamo wakarejeshwa kwao. Ardhi iliyokuwa imesemwa kwa miaka mingi kuwa haiwezi kubeba watu ikawa tupu. Baadaye ilipata wakazi wengine: Jeshi la Kujenga Taifa lina kikosi chake Mtabila, na vijana wa mikoa yote hupelekwa huko kujifunza kazi, kilimo kikiwa mojawapo. Asubuhi hutoka na majembe.