Bembea ni ya Nani?

Mwezi uliopita tuliketi kikao cha familia. Hakikuwa cha msiba wala cha harusi. Kilikuwa kikao cha bembea.

Ngoja nieleze. Marehemu baba alikuwa na kiwanja nje kidogo ya mji wa Tanga: miembe mitatu, bembea nne za minyororo, bati la kutelezea, na gurudumu dogo la kuzungusha kwa mkono. Idi na Krismasi watoto walijaa mpaka barabarani. Siku za kawaida mama aliuza chipsi na juisi ya ukwaju, basi maisha yakaenda. Baba ametutoka miaka sita sasa, na dada yetu mkubwa ndiye anayeendesha. Juzijuzi akaja mtu anayetaka eneo lote ajenge ukumbi wa harusi, na bei aliyotaja si ya kubeza. Kaka akasema tuuze. Mimi nikaruka juu: "Haiuzwi! Ile ni kumbukumbu ya mzee." Dada hakubishana. Aliniuliza tu, "Wewe mara ya mwisho umekuja lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na lile swali, halafu, kama ilivyo kawaida ya sisi wapenda vitabu, nikakimbilia kusoma. Nilitaka kuona familia nyingine zilifanya nini na bustani zao za burudani. Kusema kweli nilikuwa natafuta wa kuniunga mkono.

Nilianza na familia ya Knott, ya Buena Park, California. Walter Knott alikuwa mkulima aliyekodi shamba mwaka 1920, akauza matunda kando ya barabara pamoja na mkewe, Cordelia. Miaka ya 1930 akafufua miche ya tunda la boysenberry, tunda jeusi linalofanana kidogo na forosadi, ambalo mwenye kulichanganya, Rudolph Boysen, alikuwa amekwisha kulitelekeza. Kisha mwaka 1934, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, Cordelia akapika kuku wa kukaanga kwa wageni wanane. Akawapakulia kwenye sahani zake za harusi. Bei ilikuwa senti 65.

Kuku yule akawa balaa. Watu wakapanga foleni ya saa na saa. Walter akajiuliza: hawa wanaosubiri wafanye nini? Mwaka 1940 akaanza kujenga kijiji cha mfano wa miji ya kale ya wachimba madini, akihamisha majengo chakavu kutoka miji iliyohamwa. Kwa hiyo bustani ile, ambayo leo wanaihesabu miongoni mwa kongwe za Marekani, haikuanza kama bustani. Ilianza kama heshima kwa watu waliosimama juani wakisubiri chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo nikafurahi. Nikasema, unaona? Familia ndiyo yenye roho. Lakini niliposonga mbele, mambo yakaanza kunigeuka.

Kwanza, mabadiliko makubwa aliyafanya Walter mwenyewe. Kwa miaka mingi mtu aliingia bure, akazunguka, akalipia alichotaka. Mwaka 1968 wakajenga uzio na kuanza kutoza kiingilio. Tusiuchukulie uzio kuwa jambo dogo. Pasipo uzio, bibi anaweza kuingia na wajukuu, akakaa kivulini, akanunua soda moja, akaondoka. Penye uzio, kila kichwa kina bei kabla hakijacheka. Na uzio ule haukuwekwa na kampuni ya mbali yenye wanahisa. Uliwekwa na wenye shamba.

Pili, michezo miwili inayopendwa sana pale haikujengwa kwa pesa za familia. Treni ya mgodini ya mwaka 1960 na ile ya magogo yanayoporomoka majini ya mwaka 1969 zilibuniwa na Bud Hurlbut. Alizijenga kwa mtaji wake, akaziendesha ndani ya eneo la Knott kwa makubaliano. Yaani sehemu ya ile tunayoiita roho ya familia ilitoka mfukoni mwa mgeni.

Tatu, Cordelia alifariki mwaka 1974 na Walter mwaka 1981. Watoto wao wakaendelea, na mwaka 1997 wakaiuza kwa kampuni ya Cedar Fair, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa sokoni. Mwaka uliofuata tu yakapanda mambo makubwa: mnara wa kurushia watu juu na kuwaangusha, na rolakosta ndefu ya mbao, kile kitreni kinachopanda polepole halafu kinaporomoka na roho zenu. Wapenzi wa zamani wakalalamika kuwa shamba la bibi limekuwa uwanja wa vyuma.

Hebu tusimame hapa, maana ndipo swali la maadili lilipo. Je, wale walalamikaji walikuwa na haki ya kulalamika? Walilipa kiingilio, wakapata siku yao, biashara ikaisha. Mtu akinunua mkate hawi mbia wa tanuri. Kaka yangu ndiyo hoja yake: mali ni ya mwenye hati. Kumbukumbu haina hati.

Hoja hiyo ina nguvu, na sitaki kuikwepa kwa machozi. Lakini ina tundu moja. Bustani ya burudani haiuzi mkate. Tazama inavyojitangaza: njoo na watoto mahali wazazi wako walipokuleta, uone desturi ileile, uonje pai ileile ya bibi. Inachukua kumbukumbu za watu na kuzigeuza mtaji. Na mtu akitumia kitu chako kama mtaji, amekukopa, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa. Deni hilo halimnyimi mwenye mali haki ya kubadilisha wala kuuza. Linamdai mambo mengine: asidanganye, asiache kitu kikaoza huku akiuza jina lake, na akifunga, awape watu nafasi ya kuaga.

Mfano wa deni lisilolipwa upo Ohio. Palikuwa na bustani iitwayo Geauga Lake, kando ya ziwa, burudani yake ikianzia karne ya 19. Ilikuwa na rolakosta ya mbao ya tangu mwaka 1925. Miaka ya 1990 ikanunuliwa na kampuni kubwa, na mwaka 2000 ikabatizwa jina la Six Flags na kuongezewa rolakosta nne kwa mpigo. Mwaka 2001 ikaunganishwa na bustani ya wanyama wa baharini ng'ambo ya ziwa. Pesa zilimwagwa kama mvua ya masika. Mwaka 2004 ikauzwa tena, kwa dola milioni 145. Mnunuzi ni nani? Cedar Fair haohao. Septemba 2007, msimu ukiwa umekwisha, ikatangazwa kuwa michezo haitafunguliwa tena. Watu waliokwenda wikiendi ile ya mwisho walikuwa wameaga bila kujua. Baadhi ya mitambo ikang'olewa na kupelekwa bustani nyingine za kampuni. Ile rolakosta ya 1925 ikabaki porini, majani yakaiparamia, hadi ilipobomolewa mwaka 2016.

Mimi nilidhani ugonjwa wa biashara hizi ni kukosa mtaji. Geauga Lake haikukosa mtaji. Ilipata mwingi, kwa haraka, kutoka kwa watu waliotaka urudi haraka. Mti wa mwembe ukiumwagia pipa la maji kwa siku moja haukui kwa siku moja.

Lakini sasa, kampuni ileile iliyoifunga Geauga Lake ndiyo iliyoikuta michezo ya Hurlbut imechakaa kule Buena Park, na mwaka 2013 na 2014 ikaifanyia ukarabati mkubwa, ikairudishia uhai. Yaani mkono mmoja ulizika, mkono mwingine ukafufua. Kwa hiyo siwezi kusema familia ni wema na kampuni ni wabaya. Ningetamani iwe hivyo, ingenirahisishia kikao. Mwaka 2024 Cedar Fair ikaungana na Six Flags na kulichukua jina hilo, kwa hiyo shamba la Cordelia sasa ni tawi moja kati ya mengi. Tawi likifanya vizuri litatunzwa. Lisipofanya vizuri, uamuzi utatoka meza ambayo pengine hakuna aliyewahi kula kuku wa pale. Hatari ninayoiona ni umbali, maana mtu mbaya hahitajiki ili jambo baya litokee.

Zipo njia nyingine. Kule Elysburg, Pennsylvania, familia ya Knoebel inaendesha bustani iliyofunguliwa mwaka 1926, na hadi leo kuingia ni bure, unalipia mchezo unaoupanda. Bibi na soda yake bado ana mahali. Miaka ya 1980 walipotaka rolakosta kubwa hawakuagiza mpya. Walinunua ya zamani iliyokuwa imeachwa San Antonio, Texas, wakaibomoa ubao kwa ubao, wakaisafirisha, na mwaka 1985 ikaanza kupiga kelele upya kwa jina la Phoenix. Na kule Uholanzi, Efteling, iliyofungua msitu wake wa hadithi mwaka 1952, iko chini ya wakfu. Hakuna mrithi wa kuiuza. Sisi watu wa pwani tunalifahamu jambo la wakfu vizuri: mali imefungwa, manufaa yanatembea.

Na Walter mwenyewe aliwahi kufanya kitu kinachonishangaza. Mwaka 1951 alinunua Calico, mji halisi wa wachimba fedha uliokuwa umehamwa jangwani, akaukarabati, na mwaka 1966 akaukabidhi kwa kaunti ya San Bernardino uwe wa umma. Mtu huyohuyo, mwaka 1966 anatoa, mwaka 1968 anazungushia uzio. Simlaumu. Alijua kipi ni cha kugawa na kipi kinalisha watu. Wengi wetu hatujui, tunang'ang'ania vyote kwa maneno na hatutunzi hata kimoja.

Hapo ndipo nilipomrudia baba. Kila Ijumaa baada ya swala alipaka grisi minyororo. Alikuwa na kopo la rangi ya samawati lenye kutu, na mimi nilishika kitambaa. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Idi, aliona pete moja imelika. Fundi wa kuchomelea hakupatikana. Baba akaifunga bembea ile kwa kamba, na sikukuu nzima ikasimama bure huku watoto wakiililia na mapato yakipotea. Mama alinuna. Mzee akasema, "Pete haijui kama leo ni sikukuu."

Nadhani kipimo cha maadili cha mwekezaji yeyote, awe mzee na kopo lake au bodi ya wakurugenzi, kiko hapo: pesa inayokwenda mahali pasipoonekana. Rolakosta mpya inapigwa picha na kuwekwa kwenye bango. Grisi, breki, mshahara wa mkaguzi, choo kisafi cha watoto, hakuna anayekata tiketi kwa ajili ya hivyo. Ni vya kuamini. Anayekata huko ili apambe lango anakula amana, hata kama hati ni yake na mahesabu yamenyooka.

Nikijipima kwa kipimo hicho, nimeanguka. Nilisimama kikaoni nikatetea kumbukumbu ya mzee kwa sauti, na sijawahi kununua hata kopo moja la grisi. Dada ndiye anayeamka, anayefukuza wavuta bangi jioni, anayebembeleza mafundi. Mimi nilitaka kumbukumbu yangu ilindwe kwa mgongo wake. Nilikuwa mwanahisa wa mbali, tena mbaya kuliko wale wa California, kwa sababu wao angalau waliweka hela.

Kaka naye hana kosa ninalomdhania. Kuuza si usaliti. Tukiuza, tuwaambie watu wa mtaa mapema, sikukuu moja ya mwisho iwepo, watoto wabembee wakijua wanaaga. Tukibakiza, kila mmoja aandike kiasi atakachotoa kila mwezi, na dada alipwe kama mfanyakazi, siyo asifiwe kama shujaa. Ambacho hatuna haki nacho ni njia ya tatu, ile niliyoipenda mimi: kutouza, kutotoa, na kuendelea kusema "kwetu" huku kutu inakula.

Jumapili tunaketi tena. Nimemwambia dada uamuzi wake ndio nitakaoufuata, maana kopo liko mkononi mwake. Amenijibu kwa ujumbe mfupi tu kwamba bembea ya pili kutoka kushoto inalia. Nimetuma hela ya fundi.