Tufaha Safi na Deni la Udongo

Mnunuzi wa tufaha hutazama ganda. Akiona tundu dogo lenye ungaunga wa kahawia, hulirudisha, akatwaa jingine. Kwa tendo hilo jepesi hutolewa hukumu juu ya kiumbe kimoja, na juu ya ardhi pia. Lakini mnunuzi huijua ile ya kwanza tu.

Kiumbe chenyewe ni nondo mdogo wa kijivu. Hutaga yai mojamoja juu ya jani au tunda. Kiwavi akianguliwa hutoboa nyama ya tunda, asitulie mpaka amefika katikati na kula mbegu. Akishiba hutoka, akajifungia katika kifuko cha nyuzi chini ya gome, na humo hustahimili baridi ya miezi mingi. Hana uovu, anatafuta riziki palepale anapoitafuta mwanadamu.

Wakulima wa jimbo la Washington, Marekani, walimpiga vita kwa sumu ya risasi na aseniki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vizazi vya nondo vikaanza kuizoea. Wakulima wakaongeza kipimo, wakanyunyiza tena na tena, mpaka ilipokuja DDT, nayo ikapigwa marufuku nchini humo mwaka 1972. Mashamba mengi ya kale yamekuwa nyumba na shule, na risasi ile ingali katika udongo wa juu. Tunda limekwisha kuliwa, mkulima amekwisha kufa. Mrithi ni mtoto achezaye uani.

Je, mkulima alaumiwe? Alifuata shauri la wataalamu wa siku zake, na si haki kumhukumu mtu kwa elimu asiyokuwa nayo. Lakini aliona kwa macho yake kwamba sumu inashindwa, naye akaizidisha. Hapo udhuru wake hupungua. Wa mlaji hupungua zaidi, maana yeye ndiye aliyelikataa tunda lenye tundu, wala hakupata kuuliza usafi ule umetoka wapi.

Bonde la Okanagan, Kanada, lilishika njia nyingine katika miaka ya 1990. Nondo walilelewa kwa wingi katika mji wa Osoyoos, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakafunguliwa mashambani. Wa porini wakipandana nao, mayai hayaanguliwi. Gharama ililipwa kwa kodi ya wakulima, na ya wenye nyumba pia, hata wasio na mti mmoja. Hao wana haki ya kunung'unika. Walau waliletewa hati ya kodi yenye kiasi kilichoandikwa, wakajua pa kwenda kuteta. Mtoto wa Washington hakuletewa hati yoyote.