Kaa la Moto na Kibaba cha Unga

Wahenga walinena: mchele mmoja, mapishi mengi. Aghalabu methali hii hutajwa kumsifu mpishi hodari, ama kuwapatanisha wawili wanaobishana juu ya njia ya kupika. Lakini ndani yake mna swali lisiloulizwa sana. Ikiwa mchele ni mmoja, na wote wameununua soko moja kwa mizani moja, basi kinachoutenga wali wa nyumba hii na wali wa nyumba ile ni ujuzi tu. Ujuzi huo ni mali ya nani? Na jirani anapobisha hodi na kuuliza, "Mwenzangu, kile ulichotuletea jana ulikipikaje?", anayeulizwa ana wajibu gani?

Swali hili huweza kuonekana dogo kwa watu waliozoea kujadili haki na dhuluma katika mambo ya serikali na mahakama. Hata hivyo, mwanadamu hujifunza ukarimu na uchoyo jikoni kabla hajajua kuwa kuna mahakama.

Mahali pazuri pa kulipima swali hili pako mbali na bahari. Ni Kimandolu, kata iliyo mashariki ya jiji la Arusha, upande ambako barabara kuu inaelekea Moshi, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Hapo migomba ya wenyeji, Wameru na Waarusha, imekutana na vyumba vya kupanga vya watu waliotoka Uchagani, Upareni, Kondoa, Tanga na hata visiwani. Ua mmoja huweza kuwa na majiko manne, na kila jiko likawa na desturi yake. Hapa pana loshoro, ndizi zilizopondwa zikachanganywa na maziwa ya mgando, na wengine hutia mahindi yaliyokobolewa. Pale pana makande ya mahindi na maharage. Jiko la tatu lina mtori, ndizi na nyama vilivyochemshwa na kupondwa vikawa uji mzito. Na penye jiko la nne ameketi mtu wa Pwani juu ya mbuzi, anakuna nazi iliyosafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya lori. Katika ua wa namna hiyo hakuna harufu yenye mwenyewe. Harufu ikishatoka, wote wameipata, na maswali hufuata.

Zamani, na kwa nyumba nyingi si zamani sana, moto ukizimika jikoni mtoto alitumwa kwa jirani akaombe kaa. Alirudi mbio, kaa limefunikwa jivu juu ya kigae. Kila mtu alijua tofauti baina ya kuomba kaa na kuomba kibaba cha unga. Anayetoa unga hubaki na unga uliopungua kwa kibaba kimoja, naye ana haki ya kulitazama debe lake kabla hajajibu. Anayetoa kaa hapungukiwi na kitu. Mafiga yake yanaendelea kuwaka kama yalivyokuwa, na sasa pana mioto miwili ulipokuwa mmoja. Ndiyo maana kumnyima mtu unga kulisameheka, lakini kumnyima kaa kulisimuliwa miaka.

Basi mapishi ni kaa au ni unga?

Kwa mtazamo wa kwanza ni kaa. Aliyejua kupika loshoro asubuhi, akamfundisha jirani adhuhuri, jioni bado anajua kupika loshoro. Hakuna kilichotoka ndani ya kichwa chake. Anayeng'ang'ania ujuzi wa namna hiyo anafanana na mtu aliyekaa mbele ya moto wake na kumwambia mtoto wa watu arudi na kigae kitupu.

Lakini afikiriwe mama lishe anayeuza wali na maharage ya nazi kando ya barabara. Ada ya mtoto, kodi ya chumba na dawa ya mzee aliyeko kijijini vyote vimo ndani ya sufuria lile. Wateja wanapita vibanda vitatu kuja kwake kwa sababu ya ladha ya mchuzi wake. Akimweleza mwenziwe kila kitu, na mwenziwe akafungua kibanda hatua ishirini kutoka hapo, kaa limegeuka unga: alichotoa kimepungua kwake. Wala sheria haitamfaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi iliyoandikwa. Wazo lenyewe, au njia ya kufanya jambo, haina hakimiliki. Mama huyo hana mlinzi ila ulimi wake. Akisema kwa upole, "Hilo, dada yangu, niachie, ndilo linalonilisha," hapana haki ya mtu aliyoivunja. Methali isemayo kizuri kula na nduguyo inamtaka agawe chakula, naye chakula anakigawa. Haikumtaka agawe riziki.

Pamoja na hayo, haja ya anayeuliza nayo ina uzito wake. Akija mtu ambaye nyumbani kwake kuna mzazi aliyejifungua juzi, akauliza namna ya kupika mtori, chakula ambacho Wachaga humpa mzazi ili arudishe nguvu, hapo hakuna biashara inayoporwa. Hata muuza mtori atamwambia. Kwa hiyo mapishi yaleyale huweza kuwa unga mbele ya mshindani na kaa mbele ya mwenye dhiki, na kazi ya moyo ni kutambua ni nani aliyesimama mlangoni.

Kufikia hapo mizani imetulia. Kinachoitikisa ni mtu wa tatu, ambaye si mtoaji wala si mnyimaji. Huyu anapoulizwa hutabasamu, humkaribisha mgeni, humwambia yote, kisha huacha kitu kimoja makusudi.

Yachukuliwe maharage yaleyale ya nazi. Wapishi wajuzi huyachemsha kwanza kwa maji matupu mpaka yaive, kisha ndipo hutia kitunguu na nyanya, na tui zito huja mwisho. Nyanya au ndimu ikitangulia, uchachu wake huyazuia maharage kulainika. Yatachemka, yatachemka, na ganda litabaki limekaza. Sasa mwenye ujuzi huu anamwambia mwenziwe: "Ni rahisi tu. Maharage, nyanya, kitunguu, tui, chumvi kiasi." Kila neno alilosema ni kweli. Hakuongeza uongo hata chembe. Neno aliloliacha ni moja tu, nalo ni "kisha".

Jioni watoto wamekaa mkekani wanasubiri. Sufuria liko motoni tangu adhuhuri, makaa yaliyokusudiwa kutosha siku mbili yamekwisha, na maharage yanagonga kijiko kama kokoto. Mpishi hamshuku mwenziwe hata kidogo. Amshukuje, naye alikaa naye, akamwambia yote kwa tabasamu? Anaitazama mikono yake mwenyewe. "Mimi sina mkono wa kupika," anasema, na pengine siku zote atasema hivyo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mnyimaji wa wazi ameshika kilicho chake. Mtoaji wa nusu amechukua kilicho cha mwenziwe: imani yake juu ya mkono wake mwenyewe. Tena amelipwa kwa wizi huo, maana ameondoka na shukrani na sifa ya ukarimu. Aliyeambiwa "sikwambii" anajua kuwa kipo asichokijua, naye atakwenda kukitafuta kwingine. Aliyepewa nusu anadhani anacho chote, hivyo hatafuti. Mlango wa kwanza umefungwa na mtu anauona. Mlango wa pili umechorwa ukutani, na mtu anajigonga kichwa akijilaumu kwamba hajui kufungua milango.

Hata hivyo, haifai kukimbilia kuhukumu, kwa kuwa si kila chungu kilichoharibika kimeharibiwa na hila. Kuna mambo mawili yanayoweza kumfanya mkweli aonekane mwongo.

La kwanza ni ufupi wa maneno. Mama aliyepika miaka arubaini hana vipimo, ana mkono. Akiulizwa chumvi ni kiasi gani, atajibu "kiasi". Akiulizwa tui litiwe lini, atajibu "utaona mwenyewe". Hafichi. Ujuzi wake umekwisha kuhama kutoka katika ulimi na kukaa katika vidole, pua na masikio, kwani mpishi husikia mafuta yanapokuwa tayari kupokea kitunguu. Kumtaka aseme ni sawa na kumtaka msusi wa ukili aeleze kwa mdomo kidole gani kinapita wapi.

La pili ni mahali. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,400. Katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, ilhali Unguja au Tanga huchemka yanapofika 100. Sufuria la Kimandolu linatokota kama la Pwani, povu ni lilelile, lakini moto wa maji yake ni mdogo. Basi mama aliyeko kisiwani akimwambia mwanawe aliyeolewa Kimandolu kwamba maharage huiva kwa muda fulani, amesema kweli ya nyumbani kwake, na kweli hiyo ikifika chini ya Meru haitoshi. Binti atangoja, maharage yatakuwa magumu, na huenda akadhani mama kaficha jambo, au yeye hana mkono. Wote wawili hawana kosa. Ni mlima tu.

Sasa ikiwa hila, ufupi wa maneno na mahali vyote huzaa sufuria lilelile lililoharibika, mtu atawezaje kumjua mkweli? Sufuria halitamwambia. Atamjua kwa jambo moja: mkweli akishindwa kueleza, atasema, "Njoo usimame hapa." Atampa mwiko. Atamwachia akosee mbele yake, amshike mkono kabla chumvi haijazidi. Mwenye hila hutoa maneno mengi na kufunga mlango wa jiko. Hawezi kumkaribisha mtu penye moto, kwa sababu macho ya mgeni yataliona lile "kisha" alilolificha. Pwani neno somo hubeba maana mbili: funzo, na mtu amfundaye mwari. Lugha ilikwisha kutambua kwamba kuna mafunzo yasiyoweza kutengwa na mtu aliyesimama karibu.

Wajibu wa mwenye ujuzi hauishi kwa jirani wa leo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaandika juu ya chakula alichokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vyake, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe, na ndizi ambazo hazijaiva, zilizopikwa kwa maziwa. Mtu wa Kimandolu akisomewa habari hiyo ataikuta karibu na jiko lake kuliko alivyotarajia. Lakini msafiri aliandika kilichokuwa mezani. Nani aliipika ndizi ile, maziwa yalitiwa lini, moto ulikuwa mkali au wa taratibu, hayamo. Karibu miaka 700 imepita na sinia linaonekana bado; chungu kimepotea. Kama ujuzi wa mpishi yule uliendelea, uliendelea kwa sababu mtu fulani asiyejulikana jina aliitwa asimame kando ya moto.

Kwa hiyo mapishi yana sura ya amana kuliko ya mali. Aliyenayo alipewa na aliyekufa. Anaruhusiwa kujilisha kwayo, na anaruhusiwa kumwambia mshindani wake "la" bila kuona haya. Asichoruhusiwa ni mambo mawili: kuitoa ikiwa imekatwa kiungo huku akiiita nzima, na kwenda nayo kaburini hali ana binti, mkwe au jirani aliyekuwa tayari kusimama naye. Mama lishe wa Kimandolu anaweza kuilinda sufuria yake miaka thelathini, lakini siku mkono utakapoanza kutetemeka inampasa amwite mtu.

Wazee wetu walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii wengi huitumia kusifu usiri. Lakini kata haikuijua siri ile kwa kusimuliwa mlangoni. Iliijua kwa kutiwa ndani ya mtungi, mara kwa mara, mpaka chini.