Deni la Mume Kabla ya Mimba

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zangu wanaume, khasa nyinyi watu wa Pwani mliohamia Singida kwa biashara mkaoa huko: mtoto akizaliwa na mgongo wazi, au kichwa kilichojaa maji, wako waume wamtazamao mke kwa jicho la lawama. Huyu husema ni uchawi, yule husema ni laana ya ukoo wa mama. Hata aqiqa haichinjwi, kana kwamba sunna iliwekwa kwa wazima peke yao. Hiyo ni dhulma.

Sikilizeni jambo lilivyo. Uti wa mgongo wa mtoto hufunikwa ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na wanawake wengi wakati huo hawajajijua. Kisaidiacho ni kirutubisho kiitwacho foliki asidi, kilichomo katika mboga za majani, kunde na maini. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mwanamke atakaye kuzaa ale mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba hata juma la 12. Aanzaye kliniki mwezi wa tano, wakati umekwisha mpita. Wala hakizuii kila kilema. Vingine hutokana na kisukari, kaswende, rubela au ulevi, na vingi sababu yake haijulikani. Walakini mgongo wazi hupungua sana.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano na wa mahindi utiwe kirutubisho hiki viwandani. Lakini mtama, uwele na mahindi yasagwayo katika mashine za vijijini vya Singida, aghlabu hayatiwi kitu.

Atasema mtu: dawa ya mke haimlazimu mume, imo katika Minhaji ya Imamu Nawawi. Kweli, imo. Lakini hiki si dawa ya maradhi, ni chakula kilichopungua katika unga. Na Minhaji hiyo hiyo yamlazimisha mume chakula cha mke, na kusagwa kwake, na kuokwa kwake. Alipaye kusaga atakataaje kidonge? Mimi naona ni katika deni lake. Tena humo humo imependekezwa mtu asioe jamaa wa karibu. Nasi Pwani twaoana binamu kwa binamu, hatari ikazidi, kisha mke ndiye alaumiwaye!

Aliyekwisha zaliwa, apelekwe hospitali upesi. Migongo na vichwa hivyo hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Na miguu iliyopinda hunyoshwa kwa plasta tangu uchangani. Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mtume alimfanya mwadhini wake, tena akimwachia Madina alipotoka safarini.

Mchinjieni mtoto huyo aqiqa siku ya saba, mbuzi wawili kwa mwanamme na mmoja kwa mwanamke. Fedha isipotosha yote mawili, nauli ya hospitali itangulie, kwani wakati wa aqiqa huendelea mpaka mtoto abaleghe.

Wallahu aalam.